Mwakilishi Wako Mbele ya Idara ya Hifadhi ya Jamii: Mwenendo Anaotakiwa Kuufuata

Mtu anayeomba mafao ya ulemavu au msaada wa SSI nchini Marekani ana haki ya kuteua mwakilishi wa kumsimamia mbele ya Idara ya Hifadhi ya Jamii. Hakuna anayelazimishwa kuwa naye, na wengi huanza maombi yao peke yao. Lakini ombi linapokataliwa, mambo yakafikia rufaa na kusikilizwa na hakimu wa masuala ya utawala, waombaji wengi huona heri kuwa na mtu anayeijua njia. Mtu huyo aweza kuwa wakili. Aweza pia kuwa asiye wakili, mradi awe na sifa njema, aweze kutoa msaada wa maana, na asiwe amezuiwa na Idara kufanya kazi hiyo.

Katika sura hii tunaeleza namna mwakilishi anavyotakiwa kuenenda anaposhughulika na maafisa wa Idara. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jambo hilo limhusu yeye, ilhali ni kati ya mtaalamu na ofisi. Linamhusu kwa sababu kila karatasi anayoiwasilisha mwakilishi huingia katika jalada lenye jina la mwombaji. Mwakilishi akisema uongo, akichelewa au akimhonga mtu, mafao yatakayosimama si yake yeye.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Mwakilishi tunayemzungumzia hapa ni yule anayetetea dai lako. Si yule anayeteuliwa na Idara kupokea na kutumia fedha za mtu asiyeweza kuzisimamia mwenyewe, kama vile mtoto. Huyo wa pili ana kanuni zake nyingine.

Uteuzi wa mwakilishi hufanywa kwa maandishi, na fomu inayotumika kwa kawaida ni SSA-1696. Usitie sahihi fomu yenye nafasi zilizoachwa wazi, hata kama anayekuletea ni ndugu au mtu wa kanisani au msikitini kwako. Baada ya uteuzi, maafisa wataweza kuzungumza naye kuhusu dai lako na kumtumia nakala za barua. Hata hivyo hujafungiwa mlango. Waweza kuipigia simu Idara mwenyewe na kuuliza dai lako limefika wapi, na mwakilishi anayekukataza kufanya hivyo anakupa sababu ya kumtilia shaka.

Sasa tuje kwenye jambo linaloleta hasara kubwa kuliko yote. Wasomaji wetu wengi wamekulia mahali ambapo mkono mtupu haulambwi, na ambapo kumpelekea karani chochote cha shukrani huhesabiwa kuwa adabu. Mbele ya Idara ya Hifadhi ya Jamii, kanuni haina nafasi ya desturi hiyo. Mwakilishi haruhusiwi kutoa wala kuahidi zawadi, mkopo, karamu au kitu chochote cha thamani kwa afisa, hakimu au shahidi kwa lengo la kuvuta uamuzi upande wake. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba ana mwenzake ndani ya ofisi, na kwamba dola mia chache zitalisogeza jalada lako juu ya mengine, ana moja kati ya mambo mawili: ama anakudanganya, ama anakuingiza katika kosa la jinai. Tunavyoona sisi, mara nyingi ni la kwanza. Lakini la pili nalo limewahi kutokea, tena kwa kiwango kikubwa.

Eric Conn alikuwa wakili mashuhuri wa madai ya ulemavu huko Kentucky, akijitangaza kwa mabango makubwa barabarani. Mwaka 2017 alikiri mahakamani kwamba aliiba fedha za serikali na kwamba alimlipa hakimu wa Idara aliyekuwa akiamua kesi za wateja wake. Hakimu huyo, David Daugherty, alikuwa akijichukulia kesi za Conn na kuwapa ushindi wateja wake, akitegemea fomu za kitabibu zilizokuwa zimekwisha kujazwa kabla ya daktari kuzitia sahihi. Fedha alizopokea zilizidi dola 600,000. Conn alitoroka kabla ya kuhukumiwa, akakamatwa Honduras mwezi Desemba mwaka huohuo, na hatimaye akapata vifungo vya miaka 12 na miaka 15. Hakimu naye alifungwa miaka minne.

Lakini tunachotaka msomaji akione ni yaliyowapata wateja. Mwaka 2015 mamia ya watu waliokuwa wamewakilishwa na Conn walipokea barua za kuwaarifu kwamba mafao yao yatapitiwa upya, na kwamba ushahidi wa madaktari wale hautahesabiwa. Wengi walikuwa wagonjwa kweli, wasiojua lolote kuhusu hongo ile. Walitakiwa kuthibitisha tena ulemavu wa miaka mingi iliyopita, wakati kumbukumbu nyingine za hospitali zilikuwa hazipatikani tena. Baadhi walipoteza mafao. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba watu hao walinyimwa haki yao ya kujibu shutuma zilizotolewa dhidi ya ushahidi wao. Uamuzi huo ulikuja miaka mitatu baada ya barua za kwanza.

Kanuni ya pili kwa uzito ni ile ya ukweli. Mwakilishi hatakiwi kutoa maelezo anayoyajua kuwa ya uongo, wala kumsaidia mwombaji kuyatoa. Tangu mwaka 2015 kanuni zinaeleza wazi kwamba ushahidi wote unaohusu dai lazima uwasilishwe, ule unaolisaidia na ule unaolidhuru. Wapo wanaoshangaa kusikia hivyo. Tuseme mama mmoja anaomba mafao kwa ajili ya maumivu ya mgongo, na katika majalada yake kuna ripoti mbili: daktari mmoja anasema hawezi kunyanyua chochote, mwingine anasema aweza kufanya kazi nyepesi. Mwakilishi hawezi kuificha ripoti ya pili. Kazi yake ni kuiwasilisha kisha kueleza kwa nini ile ya kwanza ina uzito zaidi. Labda daktari wa kwanza amemtibu miaka sita na wa pili alimwona mara moja tu. Kinacholindwa ni siri ya mazungumzo kati ya wakili na mteja wake kuhusu ushauri wa kisheria, si karatasi za hospitali.

Aidha, tangu mwaka 2018 mwakilishi anatakiwa kuieleza Idara kwa maandishi iwapo yeye au mtu wa ofisi yake alimwandikia daktari maoni ya kitabibu, au iwapo ndiye aliyempeleka mwombaji kwa daktari huyo ili apimwe. Si kosa kukupeleka kwa daktari. Kosa ni kulificha jambo hilo.

Muda nao una kanuni zake. Barua ya kukataliwa inapokufikia, una siku 60 za kukata rufaa, na Idara huchukulia kwamba barua ilikufikia siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake, isipokuwa uonyeshe vinginevyo. Mwakilishi anatakiwa kujibu haraka maafisa wanapoomba taarifa, kukusaidia wewe kuzijibu, na kukuarifu dai linavyoendelea. Kabla ya kusikilizwa mbele ya hakimu, ushahidi uwasilishwe angalau siku tano za kazi kabla ya siku hiyo, au hakimu ajulishwe katika muda huohuo kwamba upo na unatafutwa. Kuchelewesha shauri bila sababu ya msingi ni kosa la kimwenendo. Yafaa msomaji afahamu kwamba malipo ya mwakilishi kwa kawaida hutokana na malimbikizo ya mafao, na malimbikizo hukua kadiri shauri linavyokawia. Wengi wa wawakilishi hawafanyi hila hiyo. Lakini ukiona miezi inapita na hupigiwi simu, uliza.

Kuhusu adabu mbele ya maafisa hatuna mengi ya kusema. Matusi, vitisho, kuja kwa kuchelewa mara kwa mara katika vikao na kuvuruga usikilizaji vimekatazwa. Wapo waombaji wanaomsifu mwakilishi mkali anayewafokea makarani, wakidhani kwamba huo ndio utetezi. Afisa aliyefokewa hana uwezo wa kubadilisha masharti ya sheria, na mwakilishi aliyeandikiwa shauri la nidhamu hana msaada kwako. Mwakilishi pia haruhusiwi kutoa habari zako kwa watu wengine bila idhini yako, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Katika jamii ndogo ambamo kila mtu anamjua mwenzake, kanuni hii ina thamani kuliko inavyoonekana: ugonjwa wako si wa kusimuliwa harusini.

Malipo ndiyo sehemu ambapo wengi huumizwa. Mwakilishi hawezi kukutoza wala kupokea ada kwa kazi hii bila idhini ya Idara. Njia ya kawaida ni makubaliano ya maandishi yanayowasilishwa kabla ya uamuzi wa kukupa mafao, ambamo ada haizidi robo ya malimbikizo, wala haivuki ukomo uliowekwa. Tangu tarehe 30 Novemba 2024 ukomo huo umekuwa dola 9,200, na kwa kuwa Idara huubadilisha, uliza kiwango cha sasa kabla ya kutia sahihi. Kwa mfano, malimbikizo yakiwa dola 16,000, robo yake ni 4,000, na hiyo ndiyo ada ya juu kabisa. Yakiwa dola 48,000, robo ni 12,000, lakini mwakilishi atapata 9,200 tu. Idara ikimlipa wakili moja kwa moja, hukata asilimia ndogo kwa ajili ya kazi hiyo. Makato hayo ni juu ya wakili, hana ruhusa ya kukudai. Gharama halisi, kama vile za kupata nakala za majalada ya hospitali, zaweza kudaiwa kando, nawe una haki ya kuona risiti.

Anayekudai fedha taslimu mapema kwa ajili ya “kufungua faili” au “kuharakisha” hajafuata njia hii. Kupokea kwa makusudi ada isiyoruhusiwa ni kosa ambalo sheria imeliwekea adhabu ya faini au kifungo. Vilevile mwakilishi hatakiwi kukupotosha kuhusu haki zako. Kwa hiyo anayekuapia kwamba utashinda anaahidi kisicho mikononi mwake.

Msomaji asiyejua Kiingereza vizuri asimfanye mwakilishi kuwa ndiye masikio yake pekee. Idara hutoa mkalimani bila malipo, kwa simu na katika vikao. Piga 1-800-772-1213 na utaje lugha yako.

Ukitaka kumwacha mwakilishi, waweza kufanya hivyo wakati wowote kwa kuiandikia Idara, ukatia sahihi na tarehe, na kubaki na nakala. Jua tu kwamba aliyekwisha kufanya kazi aweza kuomba kulipwa kwa sehemu hiyo, na Idara ndiyo itakayoamua. Kama amevunja kanuni, malalamiko hupelekwa katika ofisi ya Idara iliyo karibu nawe, na yakihusu hongo au udanganyifu, kwa Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Idara hiyo. Andika tarehe, maneno aliyoyasema na kiasi ulicholipa, na uambatanishe nakala za risiti na za ujumbe wa simu. Nakala halisi zibaki kwako. Mwakilishi anayepatikana na hatia husimamishwa kwa muda usiopungua mwaka mmoja wala kuzidi mitano, au huondolewa kabisa katika kazi hiyo. Wakati malalamiko yanashughulikiwa, siku zako 60 za rufaa zinaendelea kuhesabiwa kama kawaida, kwa hiyo rufaa iwasilishwe kwanza, hata kama utaijaza mwenyewe kwa msaada wa afisa na mkalimani.