Masika Naye Ana Fungu Lake

Wajukuu zangu, sogeeni. Leo sina hadithi ya sungura. Nawasimulia mzee mmoja wa hapa Rukoki. Nimemtunga, lakini mambo yake mtayakuta katika nyumba za kweli. Alifariki akaacha nyumba ya bati, shamba la kahawa huko mlimani, mke, na watoto watano ambao wote walikuwa watu wazima. Majina yao ninyi Wakonzo mngeweza kuyakisia: wavulana Mumbere, Bwambale na Masereka, wasichana Masika na Biira. Kwetu jina husema mtoto amezaliwa wa ngapi.

Matanga hayajaisha, baba yao mdogo akasimama. "Mali yote ni ya Mumbere, maana ndiye wa kwanza," akasema. "Masika na Biira wataolewa, watakula kwa waume zao. Na mama yao, ikiwa hapendi, arudi kwao Bwera."

Hakuna aliyejibu. Kimya hicho ndicho kinachonitia uchungu, kwa sababu baba mdogo alikuwa amekosea kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Uganda ina Sheria ya Urithi tangu mwaka 1906. Zamani ilimpendelea mwanamume. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vilivyowabagua wanawake, na mwaka 2022 Bunge likaifanyia sheria marekebisho makubwa. Leo mtu akifa bila wosia, katika kila shilingi 100 mjane hupata 20, watoto 75, ndugu waliomtegemea marehemu 4, na mrithi wa kimila, yule anayechaguliwa na ukoo, 1. Tuseme mali ya mzee wetu ni shilingi milioni 10. Mama atapata milioni 2. Watoto watagawana milioni 7 na nusu, yaani milioni moja na nusu kila mmoja, na Biira atapokea sawasawa na Mumbere. Mumbere akichaguliwa na ukoo kuwa mrithi wa kimila, ataongezewa laki moja. Huo ndio ukubwa wake wote mbele ya sheria. Kama kuna watoto wadogo au wanaosoma bado, sheria inataka sehemu itengwe kwanza kwa masomo na malezi yao.

Na ile nyumba? Haiingii katika hesabu hiyo. Ni makao ya mjane na watoto, na anayemfukuza mjane humo anafanya kosa la jinai.

Mzee angeandika wosia, fujo nyingi zingepungua. Wengi huogopa, wakidhani kuandika wosia ni kuita kifo. Watoto, nimewazika watu wengi, walioandika na wasioandika, na sijaona karatasi ikimwua mtu. Mtu mzima mwenye akili timamu huandika, kisha hutia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Asimchague shahidi ambaye amemwandikia fungu, maana shahidi huyo atalipoteza.

Masika hakunyamaza mpaka mwisho. Alitafuta wakili. Si kila mwenye suti na mkoba karibu na mahakama ni wakili, kwa hiyo aliomba aonyeshwe cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu, kwa kuwa cheti hicho hutolewa upya kila mwaka. Aliuliza pia kama wakili huyo anamtetea baba mdogo. Ada wakaiandika. Masika hakutia sahihi karatasi tupu, wala hakuacha hati ya shamba bila kupewa risiti. Asiye na fedha aulize msaada wa bure: FIDA-Uganda, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974, huwasaidia wanawake na watoto.

Wakili akamweleza njia: cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kikao cha familia, kisha ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu ili itamke kwamba haina pingamizi. Baada ya hapo mahakama humteua msimamizi wa mirathi. Msimamizi si mwenye mali! Ndani ya miezi sita lazima apeleke mahakamani orodha ya kila kitu, na mamlaka yake hudumu miaka miwili tu isipokuwa mahakama imwongezee muda.

Fanyeni nakala za karatasi mapema. Mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013, na tena 2020, ulibeba nyumba pamoja na vilivyokuwa ndani.

Mzee wetu alikuwa pia na kiwanja Kasindi, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, ambako familia nyingi za huku zina ndugu zao Wanande. Kiwanja hicho kiko chini ya sheria ya Kongo. Wakili akamwambia Masika atafute mwanasheria wa upande ule, naye Masika akamwomba Bwambale waende pamoja.