Kadhi na Mmisionari

Sisi wa Ansab tu majirani wa makanisa ya Ghala, na makazini Wakristo hutuuliza: "Nyinyi mwamwonaje Yesu?" Vijana wetu nao hutaka kujua: tujibu, au tunyamaze?

Tumkumbuke Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani. Alifika Unguja Januari 1844, na Sayyid Said bin Sultan akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Juni ya mwaka huo, Mombasa, aliyekaa naye kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili alikuwa Mwislamu, Kadhi Ali bin Mohiddin. Mwezi uliofuata Krapf alimzika mkewe, Rosina, na mtoto wao mchanga.

Mkristo wa kwanza wa misheni ile, Mringe, alibatizwa mwaka 1851. Naye alikuwa Mmijikenda kilema, si kadhi. Kwa rai yetu, kadhi aliweza kuketi pale kwa kuwa alikijua chake. Nasi tujibu, kwa upole ulioamrishwa katika aya ya 46 ya Suratul Ankabut. Lakini kijana asiyeisoma bado Surat Maryam, na aanzie hapo.