Albamu 3 Zilizonifunza Kusikiza Ngoma
Ukitaka kujua mbona mimi huskiza maneno kabla ya biti, laumu albamu tatu.

Ya kwanza ni Ni Wakati ya Kalamashaka, maboyz wa Dandora. Hapo ndio nilishika kuwa Sheng inaweza kubeba shida za mtaa bila kuwa mchezo.

Ya pili ni Nimefika ya E-Sir wa South C. Msee alitema Kiswahili safi juu ya biti za Ogopa na bado watu wakadensi. Aliaga Machi 2003 akiwa na miaka 21, akatuachia albamu hiyo moja tu.

Ya tatu ni Mwanzo ya Sauti Sol: gitaa, sauti zimepangana, kelele hakuna.

So ngoma ikivuma na haisemi kitu, mi huiruka. Zako tatu ni gani?