Ikoni na Hati Yenyewe: Kulielewa Eneo-kazi la Kompyuta

Neno "ikoni" si geni kwa msomaji wa historia ya Kanisa. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha takatifu humwendea yule aliyechorwa, wala haibaki kwenye ubao na rangi. Wasiojulikana sana ni wale waliolileta neno hilohilo katika kompyuta. David Canfield Smith, aliyelitumia katika tasnifu yake ya udaktari huko Stanford mwaka 1975, alieleza kwamba alilipata katika Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi, ambako ikoni ni zaidi ya picha, maana hubeba sifa za kile inachokionyesha. Baadaye alikuwa miongoni mwa wabunifu wa Xerox Star ya mwaka 1981, ambayo skrini yake ilifananishwa na meza ya ofisi yenye hati na makabrasha. Macintosh ya mwaka 1984 na Windows 95 ya mwaka 1995 ziliueneza mfano huo duniani. Kwa Kiswahili meza hiyo huitwa eneo-kazi.

Katika Windows, ikoni za hati zilizo kwenye eneo-kazi ni za namna mbili, na asiyezitofautisha aweza kupoteza kazi ya miezi. Namna ya kwanza ni hati yenyewe. Eneo-kazi ni folda kama folda nyingine katika diski, na hati iliyohifadhiwa hapo imo hapo kweli. Namna ya pili ni njia ya mkato, ambayo kwa kawaida hutambulikana kwa mshale mdogo kwenye pembe ya chini kushoto. Hii ni faili ndogo sana inayotunza anwani tu ya mahali hati ilipo. Ukiibofya mara mbili, unapelekwa kwenye hati, na hapo mafundisho ya Nikea yanaelekea kufaa. Lakini mfano hauendi mbali zaidi. Mwanafunzi anayeinakili njia ya mkato kwenye flashi amebeba anwani bila nyumba. Akifika kwa mchapaji, tasnifu haipo. Kinyume chake, ukiifuta njia ya mkato hati inabaki salama, bali ukiifuta ikoni isiyo na mshale umeifuta hati. Mwenye shaka aibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kutazama sifa zake: tasnifu ya kurasa mia haiwezi kuwa na kilobaiti mbili.

Hapana budi kuongeza neno kuhusu pipa la taka. Faili iliyofutwa katika diski ya ndani kwa kawaida huingia humo na yaweza kurudishwa. Faili iliyofutwa katika flashi kwa kawaida haipiti humo kabisa.

Kuhusu mpangilio, meza iliyojaa ikoni themanini haifanyiki kazi. Afadhali hati zikae katika folda zenye majina yaliyo wazi, na juu ya meza zibaki njia za mkato chache. Kitufe cha Windows pamoja na D huondoa madirisha yote mbele ya macho, ukirudia, yanarudi. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015, mtu aweza kuwa na maeneo-kazi kadhaa: Windows, Ctrl na D hufungua jipya, na mishale badala ya D humhamisha kutoka moja hadi jingine. Hivyo mahubiri hukaa upande mmoja na hesabu za usharika upande mwingine, ingawa ikoni ni zilezile pande zote.

Picha ya usuli ni suala la kupendeza tu. La maana zaidi kwa wenye macho yaliyochoka ni ukubwa wa maandishi, ambao katika mipangilio ya Windows 11 waweza kuongezwa hadi asilimia 225.

Aidha, kompyuta ya ofisi ya usharika hutumiwa na wengi: mchungaji, katibu, mhasibu, na pengine vijana wa kwaya. Kila mmoja apewe akaunti yake, kwa sababu kila akaunti ina eneo-kazi lake. Barua ya msharika aliyemfungulia mchungaji moyo wake haifai kulala juu ya meza inayokaliwa na kila mtu. Na anayeinuka kumpokea mgeni mlangoni abonyeze Windows pamoja na L: skrini hufungwa, na akaunti yenye nywila haifunguki mpaka nywila iandikwe.