Boma Lenu Halina Kasma

Kila msimu wa bajeti swali ni lilelile: "Tumejenga boma mpaka kwenye lenta, Serikali itamalizia lini?" Linaulizwa kwenye mikutano ya hadhara na redioni, na madiwani hulibeba barazani kama lilivyo. Halijibiki kwa sababu limekosewa tangu mwanzo. Hakuna sheria inayosema kuta zikisimama Hazina inadaiwa. Fedha za jengo hutoka kwenye kasma, yaani fungu lililotengwa kwenye bajeti, na kasma hupatikana pale mradi unapoibuliwa kijijini au mtaani, ukapita kamati ya maendeleo ya kata na baraza la madiwani, ukabanwa ndani ya ukomo wa bajeti, kisha ukafika TAMISEMI na bungeni kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Boma lililojengwa nje ya njia hiyo liko nje ya bajeti, hata kama jiwe lake la msingi liliwekwa na mgeni rasmi mwenye msafara wa magari kumi.

Imani iliyo nyuma ya swali hilo inasema kwamba wananchi wakifika kwenye lenta, kazi kubwa imekwisha. Haijafika hata nusu. Mwaka 2021, fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilipojenga vyumba vya madarasa 15,000, kila chumba kilitengewa Sh milioni 20. Kiwango kilichozoeleka cha kumalizia boma la chumba kimoja kilikuwa milioni 12.5. Mbao, bati, plasta, sakafu, milango na madirisha ndivyo vinavyokula fedha, na ndivyo wananchi wanavyoiachia "Serikali". Na kuta hazikai zikisubiri. Masika mbili zikizinyeshea, udongo baina ya tofali za kozi za juu unasombwa, nondo zilizoachwa wazi zinaliwa na kutu, nyasi zinaota katikati ya chumba. Siku mhandisi wa halmashauri anapokuja na futi yake, anakuta chumba ni kifupi kuliko ramani na msingi hauna mkanda wa zege. Atakachoandika kwenye ripoti ni kubomoa. Michango iliyokusanywa kaya kwa kaya, mingine kwa kuuza kuku, imeishia kifusi.

Wapo watakaosema bila boma wasingepata chochote, kwa kuwa Serikali hupeleka fedha palipo na nguvu za wananchi. Ni kweli mara nyingi, na hapo ndipo ubovu ulipo. Kijiji chenye wafanyabiashara huinua kuta tatu na kupata bati. Kijiji cha jirani, chenye watoto wengi darasani na watu maskini zaidi, kinabaki chini ya mwembe. Tena halmashauri inayokusanya bilioni 2 kwa mwaka na kutakiwa kupeleka asilimia 40 kwenye maendeleo ina milioni 800, yaani maboma 64 kwa bei ile ya zamani, iwapo haitagusa zahanati, vyoo wala mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wengine hutaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa mwaka 2002 kama ushahidi kwamba nguvu za wananchi zinajenga shule. Zilijenga, kwa sababu ruzuku ya maendeleo ilishuka hadi kwenye kamati za shule na wananchi wakachimba msingi huku fedha ya bati ikijulikana ilipo. Siku hizi tunaanza na mchanga, fedha tunaiombea dua.

Kwenye maboma ya vituo vya polisi hali ni mbaya zaidi. Darasa angalau litapata mwalimu mmoja. Kituo kinataka mahabusu za wanaume na wanawake kando, ghala la silaha, nyumba za askari, gari na mafuta yake, na askari wote hao hawalipwi na halmashauri. Zimamoto nayo ilitoka mikononi mwa halmashauri kwa sheria ya mwaka 2007, ikawa jeshi la taifa. Jengo la kuegeshea gari la zimamoto ambalo hakuna aliyeahidi kulinunua ni banda tu.

Cha kufanya, kwa haraka: pelekeni mradi kwenye mkutano mkuu wa kijiji miezi mingi kabla ya Julai, ukiwa na muhtasari uliosainiwa; mwiteni mhandisi kabla ya kuchimba, achukue vipimo na kuandika makadirio mpaka rangi ya mwisho; hati ya eneo iwepo; jengeni chumba kimoja kilichokamilika badala ya maboma matatu; hesabuni vyoo humohumo, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25; Mfuko wa Jimbo ujazie pengo linalojulikana kwa shilingi. Kwa kituo cha polisi, pateni kwanza barua ya Kamanda wa Mkoa inayotaja idadi ya askari watakaopangwa. Ikikosekana, michango ya mwaka huo ipelekeni kwenye vyoo vya shule.