Ulinganifu wa Ufyonzwaji: Maana na Matumizi Yake

Miongoni mwa dhana za famasia zinazowatatiza wafasiri ni ile ya dawa mbili "kuwa sawa". Neno sawa ni jepesi mno kuubeba uzito wa dhana hiyo, nasi tutaonyesha sababu kwa mfano wa glibenklamidi, dawa ya vidonge inayoteremsha sukari katika damu ya wagonjwa wa kisukari.

Dawa hii haiyeyuki kwa wepesi katika maji. Chembe zake zikisagwa laini zaidi, huyeyuka upesi na kufyonzwa zaidi. Ndiyo maana nchini Marekani kidonge cha chembe laini cha miligramu 3 hakibadilishwi ovyo na kile cha kawaida cha miligramu 5. Mgonjwa sharti apangiwe upya kiasi kinachomfaa. Kosa hapa si dogo. Dawa ikizidi, sukari hushuka mno na mgonjwa aweza kuzimia. Ikipungua, ugonjwa haudhibitiwi. Kwa hiyo idadi ya miligramu iliyoandikwa kwenye pakiti haitoshi kuwa ushahidi.

Ushahidi hutafutwa hivi. Watu wenye afya waliojitolea, wasiopungua 12, hugawanywa mafungu mawili. Kila fungu hupewa kidonge chake. Kisha, baada ya dawa kwisha mwilini, mafungu hubadilishana vidonge. Hunyweshwa maji ya sukari wasije wakadhurika. Damu yao hutolewa mara kwa mara, na mambo mawili huangaliwa: kilele cha dawa katika damu, na jumla ya dawa iliyofika humo. Kwa kila jambo hukadiriwa uwiano wa vidonge hivyo viwili, na mipaka yote ya kadirio hilo, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 90, sharti iwe baina ya asilimia 80 na 125. Tarakimu hizo hazikuokotwa: 80 ni 4/5 ya mia, na 125 ni 5/4 yake; hivyo uwiano ukigeuzwa, mipaka haibadiliki.

Kwa kuwa kipimo hicho ni cha kulinganisha, tunapendekeza istilahi "ulinganifu wa ufyonzwaji". "Usawa wa kipimo" ubaki kwa vidonge vyenye kiasi kimoja cha dawa, na "kufanana" kubaki kwa umbo na rangi. Mfasiri akiyachanganya matatu haya, atakayeumia ni mgonjwa. Tunawakaribisha wasomaji watoe maoni yao.