Hodi ya Chuma Inayosikika Hadi Kwenye Jeni

Mama mjamzito akipewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, huambiwa mapema kwamba choo kitakuwa cheusi. Weusi ule ni chuma ambacho mwili umekikataa. Mtu mzima mwenye afya huchukua miligramu 1 hadi 2 tu za chuma kwa siku kutoka kwenye chakula, kwa sababu kikishaingia hakina njia maalumu ya kutokea: figo zinazotoa chumvi iliyozidi haziwezi kukitoa. Ulinzi wote, basi, umewekwa mlangoni.

Ndani ya damu, chuma hubebwa na protini iitwayo transferini, atomi mbili kwa kila mzigo. Seli inayokihitaji, hasa seli changa za damu ndani ya uboho, huotesha vipokezi juu ya utando wake. Transferini ikija na mzigo hushikwa na kipokezi, vyote viwili vinavutwa ndani katika kifuko kidogo, kifuko kinakuwa na asidi, chuma kinaachia. Kipokezi na transferini tupu hurudishwa juu vikiwa vizima, tayari kwa safari nyingine.

Kwa miaka mingi kipokezi kilihesabiwa kuwa mlango tu. Ugonjwa wa kurithi ndio uliofumbua macho. Mwaka 1996 ilitambuliwa jeni ya HFE, ambayo ikiharibika chuma hujilimbikiza kwenye ini, moyo na kongosho. Wanaougua zaidi ni watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Protini ya jeni hiyo hukaa imejibandika kwenye kipokezi cha transferini, palepale ambapo transferini hutaka kushika. Chuma kikijaa kwenye damu, transferini zenye mizigo huja nyingi na kuibandua. Ikishabanduliwa, HFE hulihimiza ini kutoa taarifa. Na kuna kipokezi cha pili, ndugu wa kile cha kwanza, kilichogunduliwa mwaka 1999, ambacho kwenye ini kazi yake kubwa ni kupima chuma cha damu.

Taarifa hiyo hupokezanwa na protini za ndani ya seli ya ini hadi kwenye kiini chake, na hapo jeni ya hepsidini huanza kusomwa kwa wingi. Hepsidini ni homoni ndogo mno, amino asidi 25 tu, lakini ndiyo inayoamua. Husafiri kwa damu hadi utumboni na kuiharibu feropotini, njia pekee ambayo chuma hupitia kuingia mwilini. Chuma hubaki ndani ya seli za ukuta wa utumbo, ambazo hupukutika baada ya siku chache. Kwangu mimi huu ni mmoja wa mizunguko mizuri kuliko yote katika biolojia: hodi inabishwa kwenye ini, mlango unafungwa utumboni.

Lakini jeni hiyohiyo ya hepsidini husomwa pia mwili unapopambana na maambukizi, malaria ikiwemo. Mtoto mwenye homa anaweza kuwa na upungufu wa damu na bado utumbo wake ukakikataa chuma. Pemba ilitupa funzo zito: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki mahali penye malaria kali walilazwa hospitalini au kufariki zaidi ya wenzao, na ugawaji ukasitishwa. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani linataka, penye malaria, chuma cha watoto kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria.